Wadhamini, ulizeni wangapi bado wako kazini

Mhariri,

Mashirika ya hisani yanayosaidia watu kutafuta kazi yakizungumzwa, sifa na lawama humwendea mkurugenzi na washauri wake. Bodi ya wadhamini hutajwa siku ya uzinduzi, hupigwa picha, halafu basi. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuseme neno juu ya hao waliokaa safu ya mbele pichani. Shirika la aina hii likiharibika, mara nyingi huharibikia mezani kwao, tena kwa jambo dogo: takwimu wanazokubali kuletewa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika limeandikisha watu 400 kwa mwaka. Kati yao 310 wametengenezewa wasifu, 180 wameitwa kwenye usaili, na 120 wamesema wamepata kazi. Baada ya miezi sita washauri wanapiga simu. Wanawapata 52 tu, na katika hao, 40 bado wako kazini. Sasa taarifa inaandikwa. Inaweza kusema "tumewafikia watu 400". Inaweza kusema "asilimia 30 wamepata kazi". Inaweza pia kusema "asilimia 77 ya tuliowafuatilia bado wako kazini baada ya nusu mwaka", na hesabu hiyo haina uongo, kwani 40 kwa 52 ni hiyo hiyo. Lakini 40 hao hao ukiwagawanya kwa 400 unapata asilimia 10. Mdhamini asiyeuliza "asilimia 77 ya wangapi?" atapiga makofi, atasaini, na mwaka unaofuata atashangaa mfadhili akiondoka.

Dawa yake ni ukurasa mmoja. Walioandikishwa robo moja ya mwaka wafuatwe pamoja kama kundi moja mpaka miezi sita yao itimie, wasichanganywe na waliokuja baadaye. Safu ziwe zile zile kila kikao, na "hawakupatikana" iwe safu yake, isimezwe ndani ya nyingine. Kwa maoni yetu, wasiopatikana wakizidi theluthi moja, bodi isitangaze asilimia yoyote nje ya ukumbi. Sababu ya kutopatikana mara nyingi ni ya kawaida sana: mtu amebadilisha laini ya simu, na shirika lilichukua namba moja tu. Siku ya kuandikisha zichukuliwe namba mbili, ya pili iwe ya mtu wake wa karibu na kwa ridhaa yake, kisha apigiwe wiki ya 4, ya 13 na ya 26. Anayesubiri kupiga mara moja mwishoni atakuta nusu ya namba hazipo tena hewani.

Halafu kuna neno lenyewe "kazi". Wanatakwimu wa kazi wa kimataifa, katika azimio lao la mwaka 1982 chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), waliweka kwamba aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja ndani ya wiki inayopimwa ahesabiwe kuwa ana ajira. Azimio la mwaka 2013 likaiacha saa hiyo moja kama ilivyo. Kwa utafiti wa nchi nzima kipimo hicho kina maana yake. Kwa shirika linaloahidi kubadili maisha ya mtu, ni mwanya: aliyepakua mizigo asubuhi moja anaingia kwenye hesabu sawa na aliyesaini mkataba wa miaka miwili. Bodi iandike tafsiri yake yenyewe, kwa mfano saa zisizopungua 16 kwa wiki, malipo yasiyoshuka chini ya kima cha chini cha sheria, na ushahidi wa hati ya mshahara au barua ya mwajiri. Aliyejiajiri awekewe kipimo chake, tuseme mauzo ya miezi mitatu mfululizo. Mkurugenzi asikilizwe, lakini kalamu isiwe mikononi mwake, maana kipimo hicho ndicho atakachopimiwa yeye.

Mfano ule ule unafaa kwenye gharama. Matumizi ya mwaka yakiwa 240,000 kwa sarafu yoyote ile, kila aliyeandikishwa amegharimu 600, kila aliyepata kazi 2,000, na kila aliyedumu miezi sita 6,000. Bodi nyingi huletewa ile 600 peke yake kwa sababu inapendeza. Na 6,000 si aibu hata kidogo ikiwa waliosaidiwa ni wale ambao milango yote ilikuwa imefungwa kwao. Ni aibu ikiwa ni wale ambao wangepata kazi hata kama ofisi ingekuwa imefungwa.

Hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa wa kazi hii. Bodi ikikaza idadi bila kuangalia ni nani anaandikishwa, washauri watafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: watachuma walioiva. Kijana mwenye stashahada aliyeachishwa kazi miezi miwili iliyopita atahudumiwa haraka, kwa kuwa anakaribia kupata mwenyewe. Aliyetoka gerezani, mwenye ulemavu, au mama aliyekaa nyumbani miaka minane akilea, hao hawafukuzwi. Wanawekwa kwenye daftari na kualikwa semina ya kuandika wasifu kwa mara ya tatu. Ukiangalia jumla huoni kitu. Ukiagiza jedwali lile lile ligawanywe kwa makundi, yaani waliokaa bila kazi chini ya miezi sita, miezi sita hadi miaka miwili, na zaidi ya hapo, pamoja na safu ya wenye ulemavu, jambo linaonekana siku hiyo hiyo. Na kama kuna orodha ya wanaosubiri zamu, bodi iombe jambo moja zaidi: wangapi walipata kazi wakiwa bado kwenye foleni, kabla hawajahudumiwa? Kikiwa kikubwa, kiwango hicho kitampunguzia mtu majigambo.

Mzigo wa mshauri nao huamuliwa na wadhamini siku wanapopitisha bajeti, hata kama wenyewe hawajui. Watu 400 kwa mwaka, kila mmoja akikaa na mshauri miezi sita, ni watu 200 kwa wakati mmoja. Ukiwa na washauri wanne, kila mmoja ana watu 50. Mshauri akibakiwa na saa 25 kwa wiki baada ya vikao na makaratasi, kila mtu anapata nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo kuna kuongea naye, kusahihisha barua yake ya maombi na kumtafutia mwajiri. Njia ya kumsaidia mtu kupata kazi iitwayo kwa kifupi IPS (Individual Placement and Support), iliyoanzia jimbo la New Hampshire huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wenye maradhi makubwa ya akili, inapimwa kwa vipengele 25 vyenye jumla ya alama 125. Kwenye kipengele cha mzigo, alama kamili haitolewi ikiwa mshauri ana zaidi ya watu 20. Sharti lake jingine ni kwamba kila anayetaka kazi anapokelewa. Hakuna mtihani wa kuonyesha kuwa "yuko tayari". Si lazima kila shirika lifuate njia hiyo, ila mdhamini anayepitisha watu 50 kwa mshauri ajue anachokipitisha.

Tuongeze pia kwamba si kila anayeondoka bila kazi ameangushwa. Frank Parsons alipofungua ofisi yake ya ushauri wa kazi mjini Boston mwezi Januari 1908, kwa fedha za mfadhili Pauline Agassiz Shaw, alitaka mtu ajijue mwenyewe kwanza, azijue kazi zilivyo, kisha avioanishe hivyo viwili kwa kufikiri. Aliyepewa ushauri mzuri akaamua kurudi chuoni, au akaacha kuomba kazi ambayo afya yake haiiwezi, amesaidiwa. Apewe safu yake kwenye jedwali. Asipopewa, mshauri atajifunza kumsukuma kwenye kazi ya kwanza inayopita, na wiki ya 13 atakuwa amerudi.

Kwenye fedha, hatari ya mashirika haya ina sura yake. Wafadhili na serikali hupenda kulipa kwa matokeo, kwa mfano asilimia 30 mtu akiandikishwa na asilimia 70 akitimiza miezi sita kazini. Fuata kalenda: ameandikishwa Januari, amepata kazi Aprili, miezi sita imetimia Oktoba, hati za mshahara zimekaguliwa Novemba, fedha zimeingia Desemba. Kwa miezi 11 mishahara ya washauri, pango na nauli zimelipwa kutoka mfuko mwingine. Kwa hiyo mkataba unaoonekana wa faida unaweza kulifunga shirika kwa sababu fedha haikufika kwa wakati, na jinsi shirika linavyoandikisha watu wengi zaidi ndivyo shimo linavyozidi. Mweka hazina alete kila kikao makisio ya fedha taslimu ya miezi 12 ijayo, mwezi kwa mwezi, yaliyofanywa mara mbili: mara moja malipo yakija kwa wakati, mara ya pili yakichelewa siku 90 na robo ya madai ikikataliwa. Madai hukataliwa kwa vitu vidogo sana, kama jina la kwenye hati ya mshahara kutofautiana na la kwenye fomu.

Akiba isipangwe kwa kusema tu "miezi mitatu". Ihesabiwe kwa kujiuliza shirika likifungwa litahitaji nini: malipo ya kuachisha wafanyakazi, pango lililobaki kwenye mkataba, ukaguzi wa mwisho, na wiki chache za kuwakabidhi wateja kwingine. Uingereza, shirika la Kids Company, ambalo lilihudumia watoto na vijana wala si la ajira, lilifungwa Agosti 2015, siku chache tu baada ya kupokea ruzuku ya pauni milioni 3. Lilikuwa limekua kwa kasi huku akiba ikiwa haba. Mwaka 2021 mahakama ilikataa kuwafungia wadhamini wake wasiongoze kampuni; mwaka 2022 msimamizi wa mashirika ya hisani wa huko akaandika kwamba kuchelewa mara kwa mara kuwalipa wadai, wakiwemo wafanyakazi, kulikuwa ni kasoro ya usimamizi. Wadhamini hao walikuwa watu waaminifu. Uaminifu haulipi mishahara ya mwisho wa mwezi.

Fedha zenye masharti nazo ziwe na safu yake. Zilizotolewa kwa vijana wenye ulemavu hazilipi deni la umeme la ofisi nzima, hata "kwa muda tu". Salio la benki likiwa 50,000, na 46,000 kati yake zina masharti, shirika lina 4,000.

Hapa tusogee karibu kidogo, kwenye benki ya mtandaoni. Katiba ya shirika inadai saini mbili. Mfumo wa benki unataka mtu mmoja aandae malipo na mwingine ayaidhinishe. Mdhamini anayeidhinisha anasafiri mara kwa mara, basi anamwachia mhasibu nywila yake na kile kifaa kidogo cha namba za siri, "kazi isilale". Tangu siku hiyo saini ni moja, na mkaguzi wa hesabu hawezi kuona, kwa kuwa kwenye mfumo majina ni mawili. Tiba yake ni waidhinishaji watatu, ili wawili wapatikane daima, na mdhamini mmoja asiyehusika na malipo alinganishe kila mwezi taarifa ya benki na vocha kumi alizozichagua mwenyewe. Asichaguliwe vocha na mhasibu.

Mgongano wa maslahi katika shirika la ajira ni wa aina yake, wala si suala la zabuni tu. Mdhamini mwenye kiwanda ni lulu kwenye bodi kwa kuwa anajua waajiri wanataka nini. Ni hatari pia, kwa sababu vijana wa "mafunzo kwa vitendo" wanaweza kupelekwa kwake zamu baada ya zamu bila malipo, na kila zamu ikahesabiwa kama mafanikio. Mwingine anauza mafunzo ya kompyuta ambayo shirika linayanunua. Wa tatu ana mpwa anayetafuta kazi, naye anampigia mshauri kumwomba "amwekee neno". Huyu wa tatu ndiye anayetokea mara nyingi kuliko wote, na simu yake haiandikwi popote. Kila mdhamini ajaze fomu ya maslahi mara moja kwa mwaka. Mwenyekiti aulize mwanzoni mwa kila kikao. Mwenye maslahi atoke nje jambo hilo likijadiliwa, asihesabiwe kwenye akidi ya kipengele hicho, na muhtasari uandike saa aliyotoka na aliyorudi. Jamaa wa mdhamini ahudumiwe kama wengine, kwa zamu, na mshauri apewe ruhusa ya maandishi ya kumjibu mdhamini "zungumza na mkurugenzi". Majaribio ya kazi bila malipo yawekewe ukomo wa siku, kwa maandishi, na mwajiri aliyechukua watu watatu wa majaribio bila kuajiri hata mmoja asimamishwe.

Ada ni jambo jingine ambalo bodi haipaswi kuliachia ofisi. Mkataba namba 181 wa ILO, wa mwaka 1997, ibara ya 7, unayakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka ya nchi iliporuhusu kwa makundi maalumu baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na wafanyakazi. Shirika la hisani lisishuke chini ya wakala wa biashara. Tozo huanza kidogo: fedha ya fomu, kisha ya picha, kisha "ya usumbufu". Matapeli nao hupenda kujificha nyuma ya jina la shirika linaloaminika. Bodi iweke azimio la sentensi moja kwamba hakuna anayelipa chochote, libandikwe mapokezini pamoja na namba ya mdhamini mmoja wa kupokea malalamiko, asiwe mwenyekiti. Kila mwajiri mpya athibitishwe kabla mtu hajapelekwa: cheti cha usajili, anwani iliyotembelewa, na simu iliyopigwa kwa namba iliyopatikana kwingine, si ile ya kwenye tangazo. Kwa kazi za majumbani na za nje ya nchi, mkataba usomwe na mtu wa shirika kabla ya safari.

Juu ya taarifa za wateja tutasema machache. Wasifu mmoja una jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, shule, na pengine sababu ya kuacha kazi ya mwisho. Ukitumwa kwenye kundi la WhatsApp la waajiri 80, hauwezi kurudishwa. Mwajiri atumiwe wasifu usio na namba ya kitambulisho wala tarehe ya kuzaliwa, aliyeomba tu, na mwenyewe akiwa amekubali. Habari za ugonjwa au kifungo zikae faili la pembeni, na wadhamini wasifungue mafaili ya watu hata kidogo. Wao wanahitaji hesabu, si majina.

Kuhusu wajumbe wenyewe, saba hadi tisa wanatosha. Wakizidi 12, kila mmoja hudhani mwenzake amesoma makabrasha. Awepo anayezijua hesabu, mwajiri, mwanasheria, na aliyewahi kuwa mshauri wa ajira. Wawepo pia waliotafuta kazi kwa msaada kama huu katika miaka ya karibuni, na wawe wawili, kwa sababu mmoja peke yake hugeuka pambo la meza na huona haya kusema kwamba semina zenu hazina maana. Mdhamini asiyelipwa anagharimiwa nauli, na hao wawili wapewe nauli yao mkononi kabla ya kikao, wasidai baadaye kwa risiti. Vipindi viwe vya miaka mitatu, visizidi viwili, na visiishe vyote mwaka mmoja. Makabrasha yatumwe siku saba kabla. Kila azimio liwe na jina la mtekelezaji na tarehe. Muhtasari unaosema "ilikubaliwa suala lifuatiliwe" haujaazimia kitu.

Mwisho ni mahali pa kuliweka lile jedwali la miezi sita. Tumeona ajenda nyingi likiwa kipengele cha tisa, kabla ya mengineyo, saa ambayo mmoja ameshaaga na wawili wanatazama simu. Likae baada ya yatokanayo, kabla ya taarifa ya mkurugenzi, na lisomwe na mdhamini, mkurugenzi akijibu.

Ni sisi wasomaji wenu,
Washauri wa ajira na wahasibu wa mashirika ya hisani